Siri ya Watu Mia Mbili na Kumi na Wanne

Mjini, tarehe 2, mwezi wa tano

Shangazi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kama huko Msituni hamna milango, basi nenda mahali ambapo hakuna mtu. Neno hata moja la barua hii lisimfikie mwingine. Ukimaliza kuisoma, ichome, na majivu uyamwage kwenye maji yanayotiririka, si yaliyotuama.

Shikamoo. Nisamehe kwa kutanguliza amri kabla ya salamu. Nimeiandika barua hii mara nne, na mara zote nne salamu imekuja nyuma. Nadhani ni woga.

Hunijui. Mimi ni binti wa kaka yako. Mama yangu ni yule mshonaji wa mjini ambaye kaka yako aliishi naye mwaka mmoja na nusu, kisha siku moja, mimi nikiwa na wiki tatu, akasema anakwenda kutafuta ubao. Hakurudi. Sasa nina miaka ishirini na miwili. Mpaka leo Mama akisikia mtu anataja ubao, hata wa kukatia vitunguu, hutoka chumbani.

Sikuandikii kuhusu yeye. Siulizi chochote kuhusu yeye.

Mimi ni karani wa masjala ya vizazi. Mtoto akizaliwa hapa mjini, mimi ndiye ninayemwandika kitabuni. Ofisi nzima haijui kwamba mimi ni chotara. Kwa Mama nimechukua urefu, rangi na kuugua mafua. Kwenu nimechukua masikio. Ni marefu, yana ncha, na yakisikia jambo hugeuka yenyewe kama ya paa. Tangu utotoni Mama amekuwa akinifunga kitambaa. Ofisini nimesema nina maradhi ya masikio, na Msajili wetu, ambaye tunamwita Bwana Muhuri kwa jinsi anavyougonga muhuri mpaka vidau vya wino vinaruka, huniletea chupa ya mafuta ya kupasha moto kila msimu wa baridi. Ni mtu mwema. Ndiyo maana naogopa zaidi.

Labda utauliza kwa nini nijifiche. Watu wa hapa hawawachukii Watu wa Msitu kwa sababu ya urefu wenu, wala kwa kuishi kwenu miaka mia tatu na zaidi. Wanawaogopa kwa kuwa mnasikia. Wanasema ukiwa na jirani wa Msituni, nyumba yako haina kuta. Nilipokuwa darasa la pili, msichana mmoja alinivua kitambaa uwanjani. Wiki ile ile tulihama mtaa.

Sasa nimeposwa. Ni mwokaji wa mikate. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha langu. Aliponiomba tuoane nilishtuka vizuri sana, kila mtu alisema hivyo. Harusi ni baada ya siku arobaini. Naye hajui. Ananijua kwa kitambaa tu, na anadhani baridi inanisumbua.

Ninachokuomba ni kimoja. Nimesikia kwamba kwenu kuna mizizi ya kila kitu. Nitumie dawa ya kufupisha masikio. Hata yakipungua nusu kidole nitashukuru. Akiyaona yalivyo ataniacha, na sitaweza kumlaumu.

Jibu mpe mama muuza asali aliyekuletea hii, ndiye peke yake anayevuka daraja. Usiandike jina juu ya barua. Usiandike ofisi. Nitajifanya nanunua asali.

Ni mimi,
Binti wa kaka yako


Msituni, siku ya nne tangu barua yako ifike

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia mara tatu kwa kuwa nimeisubiri shikamoo hiyo tangu ulipozaliwa, nikadhani haitakuja.

Barua yako sikuichoma. Nani humchoma mtoto? Nimeiweka ndani ya mzinga mtupu, na nyuki wanaulinda mlango. Unasema hamna milango Msituni! Njoo uujaribu huo.

Dawa ya kufupisha masikio ipo. Inaitwa kisu, nasi hatumpi mtu. Sikio si ukucha, binti wa kaka. Hilo lako la kushoto, kama limemfuata babu yako, lina kikunjo kidogo karibu na ncha. Liguse sasa hivi. Umeona? Kikunjo hicho kimekuwa kwenye ukoo huu tangu kabla mji wenu haujawa na ukuta, na wewe unataka kukitengenezea dawa kama chunusi.

Kuhusu siri, ondoa shaka kabisa. Nimeitunza jinsi siri inavyotunzwa huku, bila kupunguza hatua hata moja. Siku ile ile niliwaita wote. Wakaketi. Nikaisoma barua yako kwa sauti mara mbili, ya pili polepole kwa ajili ya Mama Mkubwa, ambaye ana miaka mia nne na ushee na anapenda kurudiwa. Tulikuwa watu mia mbili na kumi na wanne, nami nikiwemo. Kila mmoja akaweka mkono kifuani akaapa. Sasa siri yako iko salama. Siri ya mtu mmoja ni kama yai mkononi: ajikwae tu, imemwagika. Siri ya ukoo haina pa kudondokea.

Hukuuliza kuhusu baba yako, kwa hiyo sikujibu. Ila kama ungeuliza, ningesema ni mzima, alikaa nyuma kabisa siku ya kusoma, na ubao wake anakaribia kuumaliza.

Baba zako wadogo wanauliza mchumba ana urefu gani na kama anaweza kucheka. Sikuwa na jibu, kwa hiyo wawili wao wameondoka asubuhi hii kuja kujionea. Wanatembea haraka kuliko mama muuza asali. Usihofu: wameapa mbele yangu kwamba hawatasema neno.

Shangazi yako


Mjini, tarehe 15, mwezi wa tano

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ilifika saa mbili baada ya baba wadogo. Ningeipata saa tatu mapema, leo nisingekuwa ninaandika hivi.

Mia mbili na kumi na wanne! Hapa mjini, mtu akikwambia jambo ni siri, analijua yeye na wewe, na hata hapo mmoja anakuwa amezidi. Lakini sikulaumu. Mimi ni karani. Nilipaswa kueleza masharti vizuri.

Naomba nikueleze yaliyotokea kwa utaratibu, maana utaratibu ndio uliobaki wa kunishikilia.

Nilikuwa namwandika pacha wa pili wa mwanamke mmoja wa mtaa wa wafinyanzi nilipohisi ukumbi umenyamaza. Nikainua macho. Baba wadogo walikuwa kwenye foleni, vichwa vyao vikigusa taa, kofia wamezishika kifuani kama watu waliofika msibani. Hawakuruka foleni, nawashukuru kwa hilo. Zamu yao ilipofika nilikaza kalamu nikasema kama ninavyomwambia kila mtu, "Mnaandikisha mtoto?"

"La, mwanangu," akasema yule mwenye ndevu. "Sisi hatukujui."

"Hatujawahi kukuona," akasema yule wa pili, na sauti yake unaijua, ni gunia la mawe likimwagwa. "Na hatujui lolote kuhusu masikio yako."

"Hakuna aliyetusomea."

"Tumepita tu."

Mwanamke wa pacha akauliza, "Kwani masikio yamefanya nini?" Na hapo ndipo yaliponisaliti. Unajua yanavyofanya yakitajwa. Yalisimama yenyewe, yote mawili, kitambaa kikainuka kama hema, kikaning'inia kwenye ncha ya kushoto, kwenye kile kikunjo, halafu kikaanguka ndani ya kidau cha wino.

Bwana Muhuri alitoka chumbani kwake. Aliniangalia upande wa kulia. Akazunguka meza akaniangalia upande wa kushoto. Nilikuwa nimekwisha kuanza kukusanya kalamu zangu.

"Kwa hiyo," alisema, "mafuta yangu yote ya miaka mitatu?"

"Nilipaka viatu, Bwana."

"Ahaa." Aliinama kuvitazama chini ya meza. "Nilikuwa najiuliza karani wa daraja la tatu anapata wapi viatu vinavyong'aa hivi." Kisha akaigeukia foleni. "Haya, nani anafuata? Huyu haandiki kwa masikio."

Basi. Ni hilo tu. Mzee mmoja alitaka kujua kama nilisikia alichomnong'oneza mkewe kuhusu mwandiko wangu. Nikamwambia nilisikia. Akaomba radhi, na mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Shangazi, kwa dakika kama tatu nilidhani maisha yangu yote ya woga yalikuwa bure, na nilikaribia kufurahi.

Kisha nikamwona mlangoni. Kila siku saa tisa huniletea mkate mdogo wa maziwa, mmoja, kwenye sinia kubwa lisilolingana nao. Alikuwa amesimama hapo, sijui tangu lini. Aliyatazama masikio yangu. Akageuka akalitazama duka lake ng'ambo ya barabara. Akalitazama dirisha langu. Akayatazama masikio tena. Uso wake uliiva ukawa mwekundu, halafu ukapauka kama unga.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu kuzaliwa," nikasema.

"Kila kitu?"

Sikuelewa anauliza nini. Nilidhani anauliza kama nimemficha kila kitu. Nikasema, "Ndiyo. Kila kitu. Nisamehe."

Aliweka sinia juu ya rafu ya majalada ya vifo, akaondoka bila kugeuka nyuma. Duka limefungwa leo siku ya tatu. Mtaa mzima unakula mikate ya jana na ya juzi.

Baba wadogo wanalala kwenye chumba cha ushonaji cha Mama, miguu yao imetokeza ukumbini. Mama anawapikia na kuwagombeza kwa zamu. Jana aliwauliza, "Ubao gani unachukua miaka ishirini na miwili?" Wakatazamana, halafu yule mwenye ndevu akasema, "Ubao mzuri, shemeji." Mama akatoka chumbani.

Nakuomba sana, barua hii usimsomee mtu. Ameniacha, Shangazi. Sitaki kuachwa mbele ya watu mia mbili.

Mwanao,
Karani


Mjini, tarehe 15, mwezi wa tano

Kwa Shangazi wa mchumba wangu,

Shikamoo. Mimi ndiye mwokaji. Si mtu wa kuandika, na kama karatasi ina unga uipulize tu, maandishi hayatatoka. Mama muuza asali amenieleza njia ya kukufikia. Ameniambia pia kwamba ana barua nyingine kapuni lakini hawezi kusema ya nani. Naomba hii yangu isimfikie mtu yeyote. Hasa yeye.

Nimefunga duka siku tatu. Watu wanasema ni kwa sababu ya masikio. Sina neno na masikio. Niliyaona kwa muda mfupi tu, nikiwa nimeshika sinia, lakini nakwambia ni mazuri. Shida yangu ni niliyoyalisha.

Shangazi, mimi huongea na unga.

Nilianza baba yangu alipofariki na kuniachia duka. Kukanda donge kubwa kunachukua muda, na mtu ukiwa peke yako mdomo unakwenda wenyewe. Mwanzoni nilikuwa nausimulia habari za hali ya hewa. Kisha yeye akaajiriwa pale masjala, na tangu siku hiyo unga wangu haujasikia habari nyingine. Miaka mitatu. Nimeuambia jinsi anavyoshika kalamu. Nimeuambia habari za shingo yake. Nimetunga mashairi, na vina havikukaa sawa. Nimeimba.

Nilipotaka kumposa nilijaribu kwanza kwa unga. Mara kumi na tisa. Nilikuwa naliweka donge juu ya kiti, halafu napiga goti. Na si hivyo tu. Nilikuwa naliitikia donge kwa sauti yake. Nililifanya likatae kwanza, kisha lifikiri, kisha likubali, kisha lilie. Mara moja lilinibusu.

Dirisha la duka huwa wazi kwa sababu ya joto la tanuri. Dirisha lake liko hatua kumi na nane kutoka langu. Nimezipima jana.

Nilimuuliza kama alisikia kila kitu, akasema, ndiyo, kila kitu. Akaniomba radhi! Yeye! Siku niliyomposa alishika kifua akasema, "Jamani, sikutegemea." Alikuwa ameitegemea mara kumi na tisa. Nitamtazamaje?

Swali langu ni hili. Watu wa Msitu husahau waliyoyasikia? Kama kuna dawa ya kumsahaulisha mtu, nitumie. Nitaitia kwenye mkate wa maziwa. Kama hakuna, niambie nifanye nini, maana nampenda na siwezi kuvuka barabara.

Wako,
Mwokaji


Msituni, siku ile ile zilipofika barua zenu

Kwa wote wawili,

Nina umri wa miaka mia mbili na sita, na leo ni mara ya kwanza kujibu barua kabla jua halijazama. Mmenivunjia heshima yangu. Haya.

Kila mmoja wenu ameniomba nisimsomee mtu. Nami nimetii sheria zetu. Mwanangu, barua yako ni siri ya ukoo, kwa hiyo ukoo umeisikia. Mwokaji, wewe umejiandika mchumba wa mtoto wetu, kwa hiyo wewe ni wa ukoo, na yako pia imesomwa. Mama Mkubwa ameomba pale penye busu la donge parudiwe mara tatu. Ameniagiza niseme kwamba alipoposwa yeye, mwanamume aliongea na mbuyu kwa miaka thelathini na sita, kwa hiyo wewe mwokaji una haraka kidogo lakini una adabu.

Na kwa kuwa siri ya ukoo haifichwi kwa mtu wa ukoo, ndani ya bahasha hii kila mmoja wenu atakuta barua ya mwenziwe. Msinilaumu. Mngekuwa mnajua kutunza siri, msingefika hapa.

Mmeniomba dawa mbili, ya kufupisha masikio na ya kusahaulisha. Zote sina.

Sasa neno kuhusu ubao, kwa sababu wifi yangu mshonaji ameuliza swali la haki na amejibiwa na mapunguani. Kwetu, baba humtengenezea mtoto wake wa kwanza kitanda cha kulalia, kwa ubao wa mti uliopandwa na babu yake. Ubao ukishakatwa hukaushwa kivulini miaka ishirini, ukiuharakisha unapinda. Watoto wetu hutambaa mpaka miaka kumi na tano, kwa hiyo kitanda kinawakuta bado wadogo. Kaka yangu alisema anakwenda kutafuta ubao. Alikwenda kutafuta ubao. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto wa mjini hamngoji baba yake akiwa mchanga. Niliposoma barua yako ya kwanza, mwanangu, pale penye "miaka ishirini na miwili", na "nimeposwa", patasi ilimdondoka mkononi. Aliiokota, na kazi ameimaliza.

Tunakuja harusini. Wote. Msihangaike na viti.

Shangazi yenu


Masjala ya Vizazi, dirisha la tatu, tarehe 21, mwezi wa tano

Kwa Mwokaji, ng'ambo ya barabara,

Nimeisoma barua yako mbele ya Bwana Muhuri, kwa sababu nilikuwa na wino mikononi na ilibidi anishikie. Ameahidi kutunza siri, kwa maana ya mjini.

Nilidhani umeondoka kwa sababu ya masikio. Wewe unadhani nilicheka. Sikucheka, isipokuwa siku ya lile busu, na hapo nililazimika kusema nimepaliwa. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimesikia watu wakinong'ona nyuma ya kuta, sikuwahi kusikia mtu akisema mambo mema hivyo kuhusu mtu asiyekuwepo. Nilikuwa nachelewa kurudi nyumbani ili usikatishwe. Posa ya kumi na saba ilikuwa bora kuliko zote, ile ya nyumba yenye madirisha mengi. Kwa nini siku yenyewe uliiacha?

Usinijibu kwa karatasi. Nenda ukande unga, uuambie. Dirisha langu liko wazi, na kitambaa nimekivua.

Karani


Mjini, tarehe 16, mwezi wa sita

Baba,

Shikamoo.

Barua hii itasomwa kwa sauti na Shangazi, watu wote wakiwa wameketi. Nimemwambia aisome hivyo. Kama Mama Mkubwa anataka arudiwe, arudiwe.

Harusi imepita. Ilifanyika barabarani, kati ya duka na masjala, kwa kuwa hakukuwa na ukumbi wa kutosha watu wenu. Watu wa mtaa wetu walianza kwa kuchungulia madirishani na kunong'onezana. Halafu Mama Mkubwa, akiwa upande wa pili wa barabara, akamjibu mama mmoja alichokuwa amemnong'oneza jirani yake kuhusu keki, kwamba hata yeye anaona sukari imepungua. Kisha yule mama akacheka, akatoka nje, akaleta sukari. Baada ya hapo hakuna aliyenong'ona tena. Walipiga kelele kama watu wenye furaha. Bwana Muhuri alicheza. Kila akikanyaga chini, vikombe viliruka.

Mume wangu alitoa hotuba. Aliomba aletewe donge la unga ili asiogope, akaliweka juu ya kiti, akaliambia yote, ya kwanza mpaka ya kumi na tisa, na ile ya madirisha. Nilishtuka, Baba. Safari hii kwa kweli, kwa sababu aliongeza ya ishirini.

Mimi ni karani, siwezi kuona watu nisiwahesabu. Walikuja mia mbili na kumi na watatu. Nilihesabu mara mbili. Shangazi hakutaka kusema, mwishowe akasema: ulifuatana nao mpaka darajani, kitanda mgongoni, ukasikia muziki, ukageuka. Alisema una aibu. Alisema ulidhani umekuja kwa mtoto, na mtoto amekwisha kuwa mtu.

Mimi nilitumia miaka ishirini na miwili nikijificha watu wasinione nilivyo. Na mume wangu alifunga duka siku tatu kwa aibu ya kupenda kwa sauti. Katika ukoo huu sasa tunajua namna mbili za kukimbia bila sababu. Hatuhitaji ya tatu.

Kitanda hakijachelewa. Ni kweli mimi sitaenea tena, miguu itatokeza kama ya baba wadogo. Lakini nyumba yetu ina watu wawili sasa, nasi hatuna nia ya kubaki wawili, na ubao uliosubiri miaka ishirini na miwili unaweza kutusubiri kidogo. Atakapozaliwa nitamwandika mwenyewe kitabuni, kwa wino mzuri. Pale penye jina la babu sitaki kuacha nafasi wazi.

Mama anasema hajakusamehe. Anasema nikuandikie hivyo kwa herufi kubwa, HAJAKUSAMEHE. Wiki hii pia ameondoa majora ya vitambaa kwenye kona ya chumba cha ushonaji, akafagia, akaacha nafasi. Nilimuuliza amejuaje iwe pana kiasi gani. Akasema ulimwonyesha kwa mikono, siku ile unaondoka: ubao wa upana huu. Hajasahau. Na asubuhi hii ameutaja ubao ule wa kukatia vitunguu, bila kutoka chumbani.

Kwa hiyo njoo. Nakupa njia.

Ukivuka daraja usifuate barabara kubwa, ina mikokoteni mingi na utakwaza kitanda. Shika ile ya kushoto inayopita nyuma ya wachonga mawe. Ukifika kwenye kisima chenye paa, pumzika. Wanawake wa pale watakutazama, wasalimie. Kutoka hapo fuata harufu ya mkate. Mtaa wetu una karakana ya mfua vyuma kwenye kona, halafu masjala, halafu ng'ambo yake duka letu. Sisi tunaishi juu ya duka. Ngazi ziko ubavuni, ni nyembamba, baba wadogo watashuka kukusaidia kubeba. Hawajaondoka bado, wala hawaonyeshi dalili. Mama yuko nyumba ya tatu, mlango wa bluu, na cherehani utaisikia kabla hujafika.

Kitambaa changu usikitafute kichwani. Siku hizi kinafunika unga unapoumuka.

Na ukifika kwenye ile kona ya mfua vyuma ukaingiwa tena na hofu, usigeuke. Huna haja ya kupanda ngazi wala kubisha hodi. Shusha kitanda chini, simama hapo hapo, uniite mara moja tu, kwa sauti ya chini kabisa, kama unavyouongelesha ubao. Madirisha yangu yote yako wazi.

Nitasikia.

Binti yako